Pipa la Kwanza la Bia ya Asali

Jumamosi ligi ya Uingereza ilipoanza, nilifungua milango ya baa yangu ndogo hapa Kitengela saa tano asubuhi nikiwa na hofu. Sikuogopa timu yangu kufungwa, hilo nimelizoea. Nilimwogopa Mzee Kisemei.

Kiwanja ni chake, na asali ninayotengenezea bia inatoka kwenye mizinga yake kule Bisil. Mwanawe Allan, mshirika wangu, ndiye aliyemwomba atuachie vyote viwili. Mzee alikubali kwa sharti moja: aionje bia kabla ya mteja yeyote. Ikimchukiza, tufunge. Nami nilikuwa nimeshaacha kazi kwenye kiwanda cha magadi kule Magadi, pamoja na nyumba ya kampuni, kwa ajili ya pipa moja la bia hiyo.

Mke wangu, Kui, nilimwambia baada ya kuacha kazi, si kabla, kwa hivyo hasira zake zilikuwa za haki. Hakupiga kelele. Alinikunjia blanketi akaliweka mlangoni mwa nyumba yetu ya hapa Kitengela, nami kwa kiburi changu cha kijinga nikalibeba hadi stoo ya baa. Wiki tatu nililala kando ya pipa, nikiisikiliza bia ikichachuka. Allan nilimdanganya kwamba bia changa inahitaji mlinzi.

Kufika saa nane watu walikuwa wamejaa, wamevaa jezi mpya zenye mikunjo ya pakiti, makoo yamekauka kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuonja. Kui naye alikuja. Aliniambia mlangoni kwamba amefuata mechi tu, kisha akaenda kukaa mbele kabisa.

Mzee Kisemei aliingia na fimbo yake, tukasalimiana, nikammiminia glasi. Hakuigusa. Alisema kwamba kwao bia ya asali haitengenezwi na mtu anayelala na mkewe siku zile inapochachuka. Akifanya hivyo, bia inaharibika na nyuki wanahama mizinga. Nilimtazama Allan. Allan akatazama dari. Alikuwa amesahau kuniambia, mtu anayekumbuka kila bao la miaka kumi iliyopita.

"Sasa niambie," mzee akasema. "Hii pombe ikiwa kwa pipa, wewe ulikuwa unalala na bibi yako?"

Televisheni ilikuwa bado kwenye matangazo, na baa nzima ilisikia. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Kusema kweli kulikuwa kujianika mbele ya wateja, na hata ningesema, nani angeniamini? Mwanamume yeyote angejitetea vivyo hivyo. Mzee aliona nimekwama, akamgeukia Kui.

Kui alisimama, akavuta jezi yake chini kama mtu anayeitwa kutoa ushahidi kanisani.

"Mzee, tangu huyu atoke Magadi hajalala kwangu hata siku moja," alisema. "Ni mimi nilimfukuza."

Watu waliangua kicheko, lakini mzee hakucheka. Alipiga funda, akanipulizia matone yake kidogo kifuani kunibariki, kisha akamaliza glasi nzima na kuomba nyingine. Sijawahi kufurahia kuaibishwa kiasi hicho. Allan alianza kuwamiminia wateja, mechi ikaanza, na mimi nikaionja bia yangu bila hofu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tamu, naapa.

Wakati wa mapumziko nilimwona Kui ameinama kando ya mzee, anamuuliza kwa adabu desturi inataka mtu akae mbali na mkewe siku ngapi. Mzee alimwonyesha vidole viwili. Kui akaja moja kwa moja mpaka kaunta.

"Siku mbili," aliniambia. "Na wewe umekaa wiki tatu."

Nikafuta glasi iliyokuwa tayari safi.

"Pipa lingine unaanza lini?"

"Jumatano."

"Leo ni Jumamosi," Kui akasema. "Rudi nyumbani."