Chaneli ya Sita

Naliaka alipima mawimbi ya Wi-Fi kwa simu yake. Ruta zote za ghorofa hii ya Ruiru zilitumia chaneli ya sita, zikikatizana kama makanga wanaogombea abiria. Yeye ndiye aliyezifunga, akirudia mpangilio uleule ili amalize upesi.

"Pole kwa usumbufu, fundi," Amida, mpangaji aliyemwita, alisema. "Uliniambia shida ni simu yangu hii, eti ni mulika mwizi tu, niitupe; nikaazima ya shemeji. Hata hivyo mahojiano ya kazi ya mtandaoni yalikatika jana."

Naliaka akaihamishia ruta ya Amida kwenye chaneli ya kumi na moja. Mtandao ukatulia.

"Mungu akubariki!"

Uso ulimchoma Naliaka. "Usinishukuru, dadangu. Simu yako ni nzima. Wapigie watu wa kazi, niwaambie mwenyewe kosa lilikuwa langu."