Rangi ya Mama wa Ramani

Mwalimu wa chekechea hakuwa na shahada. Hakuwa na madawati, wala kabati lenye kufuli, wala sauti ya kutisha watoto. Hakuwa na mume wa kumuuliza amechelewa wapi, jambo ambalo mama yake mzazi aliliita msiba na yeye aliliita nafuu. Hakuwa na kitabu hata kimoja chenye picha ya mwanamke mweusi akifanya kazi ya sayansi. Katika vitabu alivyogawiwa, wanawake wa rangi yake walibeba ndoo au walibeba watoto. Na sasa muhula ulikuwa ukingoni, na muda nao hakuwa nao.

Aliyeukata muda huo ni baba yake Sisimizi.

Sisimizi lilikuwa jina la utani la msichana aliyekaa mkeka wa mbele, mdogo, mweusi tii, asiyeacha kitu kipite bila kukihesabu: vifungo vya mwalimu, nzi wa dirishani, hata chafya za mwenzake mwenye mafua. Mama yake alikwisha fariki. Alilelewa na bibi, na baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Baba huyo alikuwa amepiga simu kusema kwamba dada yake amejifungua mapacha na hana msaidizi. Shule ikifungwa, Sisimizi aende kwa shangazi akalee. Masomo yatasubiri.

"Masomo hayasubiri mtu," mwalimu alimwambia bibi. "Mwakani watasema mapacha bado wadogo. Mwaka wa pili watasema mtoto amekwisha zoea kazi."

"Mwanangu, unanipigia mimi ngoma, na mchezaji yuko barabarani," bibi akajibu. "Mtoto ni wa baba yake. Lakini siku ya wazazi atakuja. Yule hasikii la kuambiwa, mpaka aone. Basi mwonyeshe."

Mwalimu akaweka matumaini yake yote katika siku hiyo. Alikuwa na picha za wanawake watatu alizokata kwenye magazeti ya zamani, na watoto walikwishawapa majina. Mama wa Angani alikuwa daktari, kisha akapanda chombo akaizunguka dunia. Mama wa Macho alibuni njia ya kuondoa mtoto wa jicho kwa mwali wa leza. Mama wa Ramani alipiga hesabu za umbo la dunia, na hesabu zake zimo katika misingi ya ile ramani ya simu inayomwambia dereva kata kulia. Mwalimu alitaka wachorwe ukutani, wakubwa kama watu, na Sisimizi asimame mbele ya baba yake awaeleze.

"Wote weusi?" Sisimizi aliuliza.

"Wote."

"Weusi kweli, au weusi wa kusemwa?"

"Utawaona mwenyewe."

Fundi wa rangi aliyekubali kazi hiyo alikuwa mtu wa mabango ya saluni. Kwa kuogopa picha zake zisichafuke, mwalimu alimpa nakala za mashine, nazo mashine ilikuwa imezifanya nyuso zote masizi matupu. Akamwachia ukuta, akaenda kuazima viti kanisani.

Aliporudi, viti vilimponyoka mkononi. Ukutani walisimama wanawake watatu wa manjano kama ndizi mbivu, midomo myekundu, nywele zimenyooka hadi mabegani.

"Nimewang'arisha," fundi alisema, akifuta brashi. "Zile karatasi zako zilikuwa giza, dada. Nikasema nisikuaibishe."

"Nani alikwambia uwang'arishe?"

"Aniambie nani? Miaka yote nachora. Mwanamke mweusi kwenye bango hachorwi mweusi. Mteja atakuja kwa lipi?"

"Hapa hakuna wateja. Hapa kuna watoto."

Fundi akautazama ukuta, akamtazama mwalimu, akakuna kichwa. Rangi ya mafuta ilikuwa mbichi. Kupaka juu yake usiku ule kungezaa tope. Na wazazi walikuwa wanakuja asubuhi.

Walikuja. Baba yake Sisimizi alikuja pia, shati limepigwa pasi, ufunguo wa lori ukining'inia kidoleni. Akausoma ukuta kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, hii shule au mnasuka?"

Wazazi wakacheka. Mwalimu akalazimisha tabasamu, akamwita Sisimizi. Hakuitika. Bibi alimtafuta akamkuta nyuma ya mlango, amesaga chaki, amejipaka uso mzima, shingo, na mikono mpaka viwiko. Akaletwa mbele hivyo hivyo. Kicheko kikafa.

"Sema, mama," mwalimu alimnong'oneza. "Mweleze baba huyu ni nani."

Mtoto aliutazama ukuta, kisha akautazama mkono wake, pale ambapo jasho lilikuwa limeanza kuitoboa chaki.

Baba akapiga goti. Akatoa leso, akamfuta taratibu, kama mtu anayefuta kioo chenye ufa. Aliposimama, sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililomvunja mwalimu nguvu.

"Mimi si mkorofi, mwalimu. Nilikuja nikiwa na nia ya kusikiliza. Lakini bora mwanangu alee wana wa shangazi yake kuliko kukaa hapa akifundishwa kujichukia. Jumamosi gari la kwenda huko litampitia."

"Baba, ukuta ulikosewa..."

"Nimeuona."

Akaondoka. Mwalimu alipiga simu mchana, akapiga jioni. Iliita mpaka ikachoka.

Kesho yake fundi alirudi bila kuitwa, na kopo la rangi ya kahawia ya milango. Akaanza kupaka. Alipofika kwenye nyuso alisita. Hakuwahi kukoroga rangi ya namna hiyo, na zile nakala za masizi hazikumsaidia. Mwalimu akamwekea picha zenyewe za gazeti, liwalo na liwe, kisha akawaita watoto waliokuwapo waweke mikono ukutani, fundi alinganishe. Nyuso hazikutoka rangi moja, kama mikono yao isivyokuwa rangi moja. Kwa Mama wa Ramani, fundi aliushika mkono wa Sisimizi muda mrefu, akaongeza tone, akaongeza tena.

"Usitikisike, bosi. Unaniharibia kazi."

Sisimizi hakucheka. Uso ulipokamilika, aliukaribia, akaugusa, akabaki na doa kidoleni ambalo halikuonekana juu ya ngozi yake. Akakigeuza kidole huku na huku.

"Mwalimu, kwa shangazi kuna ukuta?"

Fundi akainama kutafuta brashi iliyokuwa mkononi mwake.

"Sijui, mama," mwalimu alisema.

Alikaa kwenye mkeka wa watoto, magoti yakimgusa kidevu, akaandika barua kwa baba yake Sisimizi. Aliandika kwamba kosa ni la watu wazima na mtoto asilipe. Aliandika swali la Sisimizi kama lilivyoulizwa, bila kuongeza kitu. Alimwomba baba apite, hata lori likiwa linanguruma nje, autazame ukuta mara moja tu, ndipo aamue. Hakupata neno zuri la kumalizia, akaandika jina lake.

Bibi aliichukua karatasi, akaikunja. "Simu yeye hapokei. Barua hataitupa. Kwa hilo namjua."

Wakaipeleka wenyewe kwenye ofisi ya malori. Karani wa dirishani alisema dereva huyo yuko njiani, huenda akapita kituo kinachofuata kabla ya Jumamosi, huenda asipite.

"Itume," mwalimu akasema.

Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja juu ya kaunta mpaka gundi ikashika, akaisukuma chini ya wavu. Karani akaitupa kwenye gunia la barua la lori lililokuwa linawashwa kuelekea kituo hicho.