Anwani ya Kudumu

Jumanne saa tatu asubuhi Yasmin alikuwa akipanga vipeperushi mezani, vya ufundi upande huu na vya malezi ya watoto upande ule, Théodore alipoingia na faili lake la kijani. Alikuwa amezikwa Alhamisi iliyopita. Yasmin alikwenda mazishini na kusimama nyuma kabisa, kwa kuwa hakujua Mwislamu asimame wapi katika maziko ya Wakristo. Kwa hiyo neno lake la kwanza lilikuwa pole.

"Asante," Théodore akasema. "Lifti yenu ingali mbovu. Nimepanda ngazi."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Suti yake ilikuwa na udongo mwekundu mabegani. Yasmin akampa kitambaa, naye akajipangusa taratibu huku akiangalia asichafue zulia.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, juu ya duka la jumla la mablanketi na chini ya kanisa la Wakongo. Kazi ya Yasmin ilikuwa kuwashawishi watu wakasome Kanada. Alikuwa akiwaambia kwamba vyuo anavyovizungumzia havimjazi mtu nadharia akarudi nyumbani kukaa nazo, vinamfundisha kazi. Miaka miwili tu, miezi minne kati yake uko kwa mwajiri, na ukimaliza unaomba kibali cha ajira. Alisema hayo kwa Kiswahili cha Tanga, ambacho Wakongo walikisikia kama sauti ya redioni, wakaamini. Yeye mwenyewe aliamini. Alikuwa ameomba mara mbili na kukataliwa mara mbili. Naseeb, mwenye ofisi, mtu wa Dar es Salaam, alimwambia kwamba kukataliwa nako ni uzoefu.

Théodore alikuwa fundi umeme kutoka Lubumbashi, miaka kumi na tisa kazini. Mke wake, Clémentine, ambaye wote walimwita Mama Shekinah kwa jina la binti yao wa miaka tisa, alikuwa mwalimu wa chekechea kwao. Hapa alisuka nywele. Walikaa miaka kumi na moja katika chumba kimoja mtaani Jeppestown, kwa karatasi za ukimbizi walizozihuisha kila zilipokaribia kufa. Waliomba siku moja, yeye ufundi wa umeme, mkewe malezi ya watoto wadogo. Walipatana kwamba atakayepata kwanza atangulie, kisha awaite wengine.

Tatizo lilikuwa ushahidi. Afisa wa viza hutaka kuona kwamba una mahali pako, na kwamba masomo yakiisha utarudi hapo. Mwenye nyumba wa Jeppestown hakutoa mkataba wala risiti. Mkandarasi wa Midrand, ambaye Théodore alimfanyia kazi miaka sita, kila akiombwa barua alisema wiki ijayo. Kisha Ijumaa moja mtu aliwasha swichi kuu wakati Théodore ana mikono yote miwili ndani ya paneli. Mkandarasi aliwaambia polisi kwamba hakumjua mtu mwenye jina hilo.

"Nimekuja kuulizia viza," Théodore akasema.

"Bado, kaka. Lakini barua ya chuo imefika jana. Umekubaliwa."

"Bon." Akaisoma barua mara mbili. "Na Mama Shekinah?"

"Naye pia."

Naseeb akatoka chumbani kwake, akampa mkono, akauliza kama ana karatasi yoyote mpya. Théodore akatoa cheti cha kifo, na chini yake karatasi ya manispaa: sehemu, safu na namba ya kaburi, pamoja na majina yake matatu kamili. Kwa miaka kumi na moja, hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza ya nchi ile iliyoyaandika majina yake bila kosa. Naseeb aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ndiyo tuliyokuwa tunaikosa," akasema. "Anwani ya kudumu."

Wiki ile mume na mke walikwenda pamoja kupimwa afya. Daktari aliweka kipimo kifuani mwa Théodore, akasikiliza kwa muda mrefu, akaandika kwamba hakuna dalili ya kifua kikuu. Kwenye alama za vidole, za Théodore zilitoka safi. Za Mama Shekinah zilirudiwa mara tano, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimelika kwa nywele za bandia.

Jioni Théodore alirudi chumbani Jeppestown kama zamani. Hakulala, alikaa dirishani akiangalia mafundi wa magari wakifunga karakana zao. Shekinah alimlalamikia mama yake, kwa Kizulu, kwamba baba ni baridi mno kumwegemea, akapewa blanketi la pili, akamwegemea. Mama Shekinah alikuwa hajamaliza kulia, na sasa aliyemlilia alikuwa akimwuliza pasi iko wapi. Hakujua alie au apige pasi. Alipiga pasi.

"Kama ukipata wewe, mimi nitafanya nini?" akamwuliza.

"Tulipatana. Mwenye atapata, aende."

"Tulipatana tukiwa wazima, sisi wawili."

Théodore akafikiri. "Ile hatukuiandika," akasema.

Majibu yalitoka siku moja, wiki sita baadaye. Mama Shekinah aliyasoma mezani kwa Yasmin, barua mbili sambamba. Yake ilisema afisa hakuridhika kwamba ataondoka Kanada masomo yakiisha, kwa kuzingatia uhusiano wake hafifu na nchi anayoishi. Ya mumewe ilisema alete pasipoti.

"Miaka kumi na moja," Mama Shekinah akasema. "Mtoto amezaliwa hapa. Nasuka vichwa vya mtaa mzima. Na yeye iko na juma moja tu kule kwenye makaburi."

"Saba sasa," Yasmin akasema, kwa mazoea ya kusahihisha fomu. Akaona haya, akainuka kumtilia chai. Mama Shekinah aliipokea, akaishika mpaka ikapoa.

Siku ya safari walikwenda uwanja wa ndege mchana, wao watatu na Yasmin. Théodore hakuwa na begi la kupakia. Alimwomba mkewe awe anafagia kaburi, kwa sababu likiota majani mtu anaweza kusema amehama.

"Eish, Papa Shekinah," mkewe akasema. Alimshika mkono mpaka kwenye kizuizi, na mkono ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi ya Julai. Shekinah alimpungia. Askari wa uhamiaji alitazama picha, akatazama uso, akagonga muhuri.

Kutoka Kanada Théodore alituma ujumbe kila Jumapili. Theluji ilikuwa imefika magotini, haikumsumbua. Darasani alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote. Somo la kwanza lilikuwa kuzima umeme, kufunga swichi kwa kufuli na kutembea na ufunguo mfukoni kabla ya kugusa chochote. Kufuli lenyewe walipewa bure. Mama Shekinah aliusikiliza ujumbe huo peke yake, akaurudia, kisha akaweka simu chini ya mto na hakuitoa mpaka kesho yake. Katika mwezi wake wa nne Théodore alipelekwa kwa mwajiri kwa mazoezi ya kazi. Mwajiri alimpenda. Hakuomba mapumziko, hakuugua, na aliulizwa kama kwao kuna wengine kama yeye.

Théodore akaanza kushughulika na ahadi yake. Alijaza fomu ya kumwita mke. Fomu iliuliza kama ndoa ingali hai, ikataka kiambatisho. Akaambatisha cheti cha ndoa cha Lubumbashi. Ofisi ya uhamiaji ikajibu kwamba katika faili lake tayari kuna cheti cha kifo, na kwamba kwa mujibu wa cheti hicho ndoa iliisha Ijumaa ile, saa nane na dakika kumi mchana.

Yasmin alimsomea Mama Shekinah jibu hilo ofisini. Akamshauri aombe tena kivyake, safari hii aambatishe karatasi ya kaburi, kwa kuwa ndiye anayelitunza. Waliandika barua nzuri. Waliweka picha za Mama Shekinah akifagia, na za Shekinah akimwagilia maua. Jibu lilichukua wiki tano. Afisa alikiri kwamba kaburi lipo na linatunzwa vizuri, lakini alibainisha kwamba mwombaji hayumo ndani yake.

Mama Shekinah hakulia. Alimwuliza Yasmin, "Wewe ulikataliwa mara ngapi?"

"Mbili."

"Na unaendelea kutuambia twende."

"Vyuo ni vizuri, mama. Sijawahi kudanganya kuhusu vyuo."

"Najua," Mama Shekinah akasema. "Ni hicho kinaniuma."

Mwaka ule Naseeb alichapisha vipeperushi vipya vyenye picha ya Théodore katika kofia ngumu, kando ya mashine asiyoijua mtu. Maombi yaliongezeka. Naseeb akamwajiri Mama Shekinah kwa siku za Jumapili, azungumze makanisani kama mke, kwa sababu watu walimwamini kuliko kipeperushi. Alikubali; kodi ya chumba ilikuwa yake peke yake sasa.

Jumapili ya kwanza walikuwa kanisa la juu ya ofisi. Yasmin alieleza kozi, waajiri, kibali. Mama Shekinah akasimama na kusimulia yote kama yalivyotokea, bila kuongeza wala kuficha: Midrand, kaburi, barua mbili, uwanja wa ndege. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine waliandika namba ya simu ya ofisi.

Mwanamke wa safu ya tatu, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono.

"Na sisi tulio hai?"

Mama Shekinah akamgeukia Yasmin. Kanisa zima likamgeukia Yasmin. Chini barabarani teksi zilikuwa zikiita abiria wa Midrand.

"Nyinyi," Yasmin akasema, "jazeni kwa herufi kubwa, na msiache nafasi hata moja wazi."

Kalamu zikagawiwa. Hazikutosha, wakaanza kuazimana.