Lugha ya Mezani

...kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, ndivyo alivyofundishwa na mama yake mzazi, shati lisiloanzwa kolani halikai shingoni hata ulipige pasi mpaka Kiyama, kwa hiyo akaibana ncha ya kola ya mume wake kwa kidole, akanyunyiza maji, akapitisha pasi, mvuke ukampanda usoni, na nyuma yake, mezani, mama mkwe akarudisha kikombe kwenye kisahani na kusema kwa Kifaransa jambo refu, na ndani ya lile jambo refu mlikuwa na mtoto, na mlikuwa na ndege, na yeye akaendelea na kola kana kwamba ana pamba masikioni. Ndege. Ya kupanda, si ya mtini, maana kwa Kifaransa hayo ni maneno mawili yasiyojuana, mwalimu wa jioni aliwaeleza hivyo darasani na mwanafunzi mwenzake, dereva wa lori, akasema basi wenzetu matajiri, kila ndege na jina lake, darasa likacheka, hata yeye alicheka, kiganja mdomoni kama ilivyo kawaida yake... mtoto, ndege, na sasa mume wake anajibu, kwa sauti ileile anayoombea chumvi, anasema ndiyo mama, anasema, anasema nini, pole pole jamani, mwalimu huwa anarudia na kuandika ubaoni, hawa hawaandiki ubaoni, hawa wanakunywa chai. Huenda hakusikia vizuri. Mwanafunzi wa miezi michache ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, anaona mguu wa kiti anadhani kuna mtu amesimama. Huenda ni mtoto wa jirani, huenda ni ndege iliyopita juu, huenda... akageuza shati, akalaza mkono wa kushoto juu ya ubao wa pasi, akaunyoosha kwa kiganja. Mkekani karibu na miguu yake Kidoti alikuwa anamvua mwanasesere viatu na kumvisha tena, anamvua, anamvisha, kimya, na mtoto wa miaka mitano akinyamaza hivyo hujui kama anacheza au anasikiliza.

Katika nyumba ile Kifaransa kilikuwa lugha ya mezani, alikikuta kama alivyolikuta lile kabati kubwa la vyombo, hakuuliza kilifikaje, alijua tu kwamba marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa ofisi moja ng'ambo, huko ndiko mume wake na wifi yake walikokulia, wakarudi na kabati na lugha, na wifi akarudi tena kulekule kuolewa, na tangu hapo Kiswahili kilikuwa cha maji yamekatika na nani ameacha taa inawaka, na Kifaransa cha mambo yenyewe. Hawakuwahi kushusha sauti. Hawakuwahi kufunga mlango. Kwa nini wafunge, ukuta wao ulikuwa mdomoni, mke wa nyumba akiingia na birika wanampisha, wanasema asante mama Kidoti, halafu wanaendelea palepale walipokatia, na miaka yote sita yeye alipita katikati ya maneno yao kama mtu anayepita katikati ya mvua akiwa na mwavuli, hayamlowanishi, na alidhani hiyo ni raha... "Mama Kidoti," mume wake akamwita, kwa Kiswahili, kwa upole, "hilo shati la bluu ndilo nalitaka kwanza, usisahau." "Sijasahau, baba Kidoti." "Mke wangu hasahau," akasema, akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye lugha yake kama samaki aliyeruka juu akarudi majini, na neno la kwanza alilolitoa huko majini lilikuwa jeudi, na hilo halikuhitaji ubao. Alhamisi. Mtoto, ndege, Alhamisi. Mkono wake ukasimama. Pasi ikinguruma juu ya kitambaa, usiisimamishe wewe, itaunguza, sogeza, akasogeza.

Alhamisi ndiyo siku yake. Ndiyo siku anayojifunga mtandio, anamwacha mtoto kwa bibi yake, anasema nakwenda kushona mama, naye anakwenda juu ya duka la dawa, kwenye chumba chenye madawati ya watoto ambayo magoti ya watu wazima hayaingii, kujifunza Kifaransa. Hilo la cherehani alilitunga mwenyewe, mlangoni, siku ya kwanza, alipoulizwa unakwenda wapi na neno la kweli likamkwama, kwa sababu angesema nakwenda kujifunza lugha yenu wangefurahi, wangemkalisha chini, wangesema haya tusemeshe, na yeye kusemeshwa mbele ya watu ni afadhali apewe mtaro azibue kwa mikono. Hofu hiyo ilianza zamani. Darasa la sita walipata mwalimu kijana aliyewafundisha Kifaransa mwaka mmoja tu, na imla ikisomwa yeye hakuwa na kosa, kila herufi na kikofia chake, mwalimu akaona lulu, siku ya wageni akamwita mbele aseme shairi fupi la mistari minne, akasimama, akaona macho, akaona viatu vya wageni, mdomo ukafunguka na ndani yake hamkuwa na kitu, hata pumzi, mpaka mtoto mmoja wa nyuma akasema bubu huyo, na Bubu likawa jina lake mpaka darasa la saba lilipokwisha na shule ikaishia hapo. Akakiacha Kifaransa kama mtu anavyouacha mlango alioumizwa nao kidole. Na asingekirudia, wallahi asingekirudia, kama si siku ile Kidoti na bibi yake walipokuwa barazani wanacheka, wanacheka mpaka mtoto akalala chini, akawauliza jamani mnacheka nini na mimi nicheke, na mtoto aliyemzaa mwenyewe akamtazama kwa huruma, kwa huruma ya mtu mzima, akamwambia ni mambo ya bibi, mama, wewe hutaelewa. Basi ndiyo akarudi. Si kwa kazi, si kwa safari, alitaka tu siku moja acheke nao. Mwalimu wa jioni, mzee wa kikohozi na suti ya kahawia, humwambia fungua mdomo mama, Kifaransa kinatokea puani lakini lazima kipitie mdomoni, na dereva wa lori husema mwalimu mimi nina mafua leo, nadhani nitafaulu... na nyumbani mama mkwe humtania, "Hizo nguo unazoshona huko zinavaliwa na majini? Maana sisi hatuzioni." Na yeye hujibu bado tunajifunza kupiga mstari ulionyooka, mama.

Akiwa kwenye cherehani yake. Ndivyo mume wake alivyosema sasa hivi, akiwa, huyu, kwenye cherehani yake, na mama mkwe akacheka kwa pua, na maneno yakaanza kuja yenyewe, hakuyaita, yalikuja kama siafu, moja, halafu mengine nyuma yake. Akiwa kwenye cherehani, gari litakuja. Jioni hiyohiyo. Mama mkwe atamsindikiza mpaka... hilo hakulipata... mpaka kule, na dada atakuwa anangoja. Dada ndiye wifi, yule mwenye ndoa yenye makochi meupe na isiyo na mtoto, anayempigia Kidoti simu ya picha kila Jumapili, anamtumia busu kwenye kioo. Labda ni kutembea. Watoto hutembea kwa shangazi zao, wanarudi na pipi na meno mabovu. Labda wanataka kumshtukiza kwa furaha, wapo watu hushtukizana kwa furaha, lakini hapo akaliona lile koti, juu ya kiti, kwenye rundo la nguo zinazongoja pasi, koti zito la sufu lenye vifungo vya mbao lililoletwa wiki iliyopita, mama mkwe akasema ni la mtumba, zuri, mtoto atakua nalo, na hapa hata mvua ikinyesha wiki nzima mtu anafunga kanga tu, nani anavaa sufu hapa, na lilipojaribiwa halikuwa la kukua nalo, lilimkaa Kidoti sawasawa, mabegani, mikononi, mtu alikuwa amempima. Na ile sindano. Bibi yake alimpeleka akapigwe sindano, akasema ni ya shuleni. Na ile picha ya ukuta mweupe, usicheke Kidoti, funga mdomo, tazama mbele. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye amekuwa akizipiga pasi hizo nguo kila Jumamosi, amezikunja, amezipanga kabatini kwa rangi... Mtoto kulelewa na shangazi si ajabu, hata yeye alikaa miaka miwili kwa mama mdogo, lakini mama yake aliulizwa. Alikalishwa, akafikiri siku kadhaa, akakubali, akafunga mzigo wa mwanawe kwa mikono yake na kulia mbele za watu. Huo ni ulezi. Hili la gari kuja mama akiwa hayupo lina jina lake, na jina hilo kwa Kifaransa bado hawajafundishwa.

Mama mkwe akauliza jambo, sauti ikashuka kidogo, si kwa kuficha, kwa aibu labda, hata yeye ana moyo, ameuliza na mama yake je, na mume wake akakoroga chai, kijiko kikagonga kikombe, huyu mwanamume anayemjua mpaka anavyokoroma, anayempelekea maji ya kuoga, akakoroga, akasema, na alisema pole pole, kwa maneno mafupi, kama vile naye ni mwalimu anayeandika ubaoni: atalia. Kisha atanyamaza. Unamjua, huyu hasemi. Na mama mkwe akasema, mtoto naye, mwezi mmoja tu, atakuwa anamwita dada maman... na hilo nani asiyelijua, hilo lingejulikana hata na kuku. Huyu hasemi. Maneno yakaja, mengi, ya lugha zote mbili, yakasongamana mlangoni mwa kinywa kila moja linataka kutoka kwanza, geuka, waambie, waambie kwa lugha yao wenyewe, waone, waangushe vikombe, na kwa pumzi moja alitamani hivyo kuliko alivyowahi kutamani kitu, aone tu nyuso zao. Halafu? Wataona nyuso, watanyamaza, watacheka, watasema mke wangu kumbe umejificha hivi, hukuelewa vizuri, ni likizo tu, na Alhamisi itakuwa Jumanne, au itakuwa kesho, au usiku wa leo yeye akiwa amelala. Ukuta wao uko mdomoni. Leo ana tundu kwenye ukuta huo, na wao hawajui, na mtu haonyeshi tundu alilolipata kwenye ukuta wa gereza. Nyamaza. Nyamaza wewe, Bubu, kama hujawahi kunyamaza. Akakata mkunjo wa mkono wa shati ukatoka kama wembe.

Na hapo ndipo alipotazama chini. Kidoti hakuwa anacheza. Mwanasesere alikuwa amelala kifudifudi bila viatu, na mtoto alikuwa amekaza macho kwake, kwa mama yake, si kwa bibi, si kwa baba, alikuwa anamtazama mama yake usoni kama mtu anayetazama dirishani kuona kama ndani wameamka, na akaelewa, Mungu wangu, huyu anajua, huyu anasikia kila neno bila tundu lolote, amekuwa akijua tangu lini, amelibeba peke yake hapa mkekani akivua viatu na kuvisha, na ni nani aliyemwambia asiseme. Mtoto akainuka. Akaja mpaka kwenye ubao wa pasi, akaushika upindo wa gauni lake, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mama, Alhamisi usiende kushona." Mezani kijiko kikasimama. Yeye hakugeuka. "We Kidoti," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa na tabasamu lililoshonwa haraka, "acha kudeka. Mama ana shughuli zake. Si ndiyo, mwanangu? Alhamisi unakwenda kama kawaida?" Mkono mdogo ulikuwa bado kwenye gauni, na akawaza kaka yake fundi bomba, chumba chake cha nyuma chenye mabomba na godoro, kaka asiyeuliza maswali, na akawaza mfuko mweusi wa safari ulio chini ya kitanda, viatu vya mtoto, na hapo sentensi ikaja, ikaja nzima, hakuitafuta kwenye Kiswahili akaivusha neno kwa neno kama alivyozoea, ilikuwa imeshasimama ndani yake inamngoja: mercredi, elle part avec moi. Jumatano. Siku inayotangulia. Anaondoka na mimi. Hakuna aliyemsahihisha. "Mama Kidoti?" mama mkwe akasema tena. Akamshika Kidoti kichwani, akakibonyeza kidogo pajani pake, akahisi mtoto ananyamaza kwa namna nyingine sasa. "Kama kawaida, mama," akasema, na sauti ilitoka, laini, haikukwama popote, "wiki hii tunajifunza kupinda upindo." Mezani chai ikaanza tena kukorogwa. Akalitundika shati, akanyoosha mkono kwenye kiti, akalichukua koti la sufu, akalilaza ubaoni, na kuanza kola.