Wa Akiba Huwekwa Kwenye Friza

Usiku wa kuamkia juzi, Dakta Tumsifu Mkwizu aliota yumo ndani ya friza ya maabara, amekaa rafu ya pili, na haoni ajabu yoyote kuwa humo.

Sababu ilikuwa halali. Mchana wake matokeo yalikuwa yametoka: ufadhili kwa mtafiti mmoja aliyemaliza uzamivu, aende ng'ambo akachunguze umbo la himoglobini ya wagonjwa wa selimundu kwa kuipitishia mwanga. Aliyepata ni Lugano Mwaisaka, mwenzake wa meza moja ya maabara tangu wakiwa wanafunzi. Tumsifu aliambiwa kwamba yeye ni mwombaji wa akiba, kama Lugano atashindwa kwenda. Alimkumbatia Lugano mbele za watu, akapiga na vigelegele, kisha akaenda nyumbani akashindwa hata kumeza tonge.

Na kitu cha akiba, maabarani, huwekwa kwenye baridi. Kwa hiyo alikaa.

Pembeni yake palikuwa na mama mmoja mnene, mwekundu, mwenye mikono minne aliyoikunja yote kifuani.

"Shikamoo," Tumsifu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni himoglobini ya Lugano."

"Ya Lugano peke yake?"

"Ndivyo kichupa kinavyosema."

Hilo lilimchoma. Damu ile waliichukua pamoja kliniki, na aliyewabembeleza watoto wasiogope sindano alikuwa yeye Tumsifu. Aliwaimbia hadi sauti ikamkauka. Lugano alibandika majina tu kwenye vichupa, kwa ule mwandiko wake mzuri ambao kila mtu huusifia.

Anageuka alalamike, na friza ni ukumbi wa usaili. Mwenyekiti ni spektromita, ile mashine yao ya kupima mwanga, imevaa tai.

"Mwombaji asimame kwenye njia ya mwanga," inasema.

Anasimama. Mwanga unamwingia tumboni. Kalamu ya mashine inaanza kuchora milima kwenye karatasi.

"Hapa kuna uchovu. Hapa kuna bidii, nyingi tu, hongera." Kalamu inapanda, inavuka ukingo wa karatasi, inaendelea kuchora ukutani mpaka kwenye dari. "Na huu ni wivu."

"Ni mwingi?"

"Tutahitaji jengo refu zaidi."

"Na Lugano mlimpima?"

"Tulimpima. Kwake mwanga unapita moja kwa moja."

Tumsifu alikuwa ametukanwa mara nyingi maishani, lakini hakuwahi kutukanwa vile.

Alipotafuta mlango atoke, alijikuta jikoni kwa mama yake, kule Same. Friza ilikuwa imesimama katikati ya mafiga na ndoo ya maji, na yule mama mwekundu alikuwa ndani, rafu ileile. Lugano aliingia amevaa koti zito la nchi za baridi, viatu mkononi.

"Da Tumsifu, nishikie mlango wa friza, navaa viatu. Usiuache ukafunguka, tafadhali."

"Haya, mdogo wangu."

Lugano akatoka uani. Mama mwekundu akachungulia.

"Mwanangu, mimi nikipata joto nasahau nilivyokunjwa."

"Unasahau kidogo au kabisa?"

"Kabisa. Umewahi kuona yai la kuchemsha likarudi kuwa bichi?"

Tumsifu alifikiri kidogo. Alifikiria lile koti. Alifikiria Lugano akipiga picha kwenye theluji na kumtumia, na yeye akijibu kwa kuweka moyo. Kisha akaushika mpini wa chuma uliojaa barafu kwa mkono mtupu, bila glovu, akaufungua mlango mpaka mwisho, akaushikilia.

Mama mwekundu alisahau mkono mmoja, ukalegea. Akasahau wa pili. Uso ukaanza kuwa mweupe.

"Samahani, mwanangu. Hivi mimi nilikuwa nabeba nini?"

"Hewa," Tumsifu alimwambia. "Ulikuwa unawabebea watoto hewa."

"Kumbe. Ilikuwa kazi nzuri."

Akawa mweupe pe.

"Wa akiba!" spektromita iliita kutoka uani. "Zamu yako."

Anavalishwa koti. Bado lina joto la Lugano. Furaha inampanda mpaka kooni, furaha ambayo hajaionja tangu siku alipovaa joho, na haioni haya hata kidogo.

"Jina lako?"

Anafungua kinywa. Jina halipo. Na yeye alikuwa ametolewa kwenye friza ileile, akapigwa na joto lilelile. Anageuza kola ya koti, anasoma.

"Lugano Mwaisaka."

"Safari njema, Dakta Lugano."

"Asante," alisema, na simu ikamwamsha.

Kulikuwa kumepambazuka. Aliyepiga ni Lugano, na alikuwa analia.

"Da Tumsifu, mlinzi kakuta friza imeachwa wazi usiku kucha. Himoglobini yangu yote imeganda, imekuwa kama ute wa yai la kuchemsha. Ndege ni keshokutwa. Bila sampuli naenda kufanya nini huko?"

Tumsifu alikaa kitandani. Kabla ya huruma, ilikuja furaha ileile ya ndotoni, nzima, kana kwamba ilikuwa imemsubiri mlangoni. Aliiacha ipite. Ilichukua muda.

"Upo?" Lugano aliuliza.

"Nipo. Kwenye friza ndogo ya ghorofa ya juu kuna vichupa vyangu. Damu ni ileile ya kliniki. Vichukue."

"Vyote? Na wewe utabaki na nini?"

"Chukua vyote, Lugano, kabla sijabadilisha mawazo."

"Mungu akubariki, dada yangu."

"Nenda sasa hivi. Kimbia."

Wivu haukuondoka. Ulikaa naye pale kitandani kama mgeni aliyekuja na begi. Alikata simu, akataka kumtumia Lugano namba ya kufuli ya ile friza ya juu, lakini simu ilikataa kumtambua. Alibonyeza kidole tena na tena. Mwishowe alikisogeza dirishani akitazame.

Ngozi ya ncha ya kidole haikuwepo. Ilikuwa imebanduka, nyeupe kandokando, kama ya mtu aliyeshika chuma chenye barafu. Na vidole vitatu vilivyofuata vilikuwa hivyohivyo.