Kadi kwenye Meza ya Tambi

Faiza aliponiambia tukutane mtaa wa Frogtown tukale tambi za Kitaiwani, nilijua kuna jambo. Msichana aliyebakisha wiki chache aolewe hana nafasi ya kula tambi na mama yake mkubwa hivi hivi tu. Nikamjibu nitakuja, kisha nikakosa raha siku nzima. Nilivaa buibui, nikaivua, nikavaa nyingine, na zote nyeusi.

Mamake, Khadijah, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye anakaa Brooklyn Center, mimi Saint Paul, na kwa gari si safari ya kumchosha mtu. Lakini tangu Idi iliyopita hatujatiana machoni. Siku hiyo, mbele ya wanawake wote wa pwani tunaojuana hapa Minnesota, aliniambia kwamba kila chungu cha nyumba yake lazima nikikoroge mimi, na kwamba amechoka. Mwiko nilikuwa nao mkononi. Niliuweka chini, nikachukua mkoba wangu, nikaapa sikanyagi tena jikoni mwake mpaka aniite kwa kinywa chake.

Sasa mwanawe anaolewa, na kinywa hakijafunguka. Tangazo la harusi nimelisoma kwenye kundi la WhatsApp, sawa na mtu yeyote aliyejiunga kutafuta nyumba ya kupanga. Kwetu Mombasa mama mkubwa hasomi habari ya harusi kwenye simu. Anaijua kabla bwana harusi mwenyewe hajaijua. Watu wakawa wananiuliza kina mama watavaa leso gani, pilau anapika nani, somo wa kumfunda bibi harusi ni nani, na mimi nawajibu kwamba mambo yako njiani. Njia gani, hata sikuijua. Simu ikilia niliikimbilia na povu la vyombo mikononi, nikidhani ni yeye, kumbe ni watu wa bima.

Mkahawa wenyewe ni mdogo, vioo vimejaa mvuke, na treni ya University Avenue ikipita vijiko vinatetemeka kidogo mezani. Mwenyewe ni Mtaiwani, Bi Hsu, mama wa makamo mwenye aproni ya maua. Faiza alinieleza kwamba Waislamu wa mtaa walipozidi kuwa wateja wake, aliacha nguruwe kabisa, nyama sasa anainunua duka la halali lililo hapo hapo jirani. Kwenye meza ya pembeni mwanamke aliyefanana naye alikuwa akikunja unga na nyama, anakunja na kunung'unika, na Bi Hsu anamjibu kutoka jikoni bila kumtazama. Sikuhitaji kujua Kichina kuelewa kwamba wale ni ndugu. Nikageuza uso.

Bakuli zilikuja kubwa kama beseni za kufulia. Supu nyekundu ya ng'ombe, tambi nene, na juu yake vitu vyeupe vimekunjwa mapindo madogo madogo. Nilimuuliza Faiza mbona sambusa za watu zimetumbukia majini.

Akacheka, akaniambia ndiyo dumplings hizo, nijaribu kwanza. Nikajaribu. Sitasema uongo, zilikuwa tamu. Tangawizi niliisikia, na mdalasini kwa mbali, na kitu kingine ambacho Khadijah angekitambua kwa harufu tu, maana pua yake ni ya mpishi. Nikakasirika tena kwa kumkumbuka. Mguu wangu ulikuwa ukicheza chini ya meza, nikiukanya hausikii.

Faiza alizungumza. Kazi yake ya hospitali kule Maplewood, barafu iliyomtelezesha gari, shela iliyokuja fupi. Kila akigusa mkoba wake niliacha kutafuna. Nilikuwa nangoja sentensi moja tu, nayo ni fupi: Mama anakuita. Ningejifanya nafikiri kidogo, heshima yangu nayo ipate pa kukaa, kisha ningekwenda hata kwa miguu.

Hatimaye alifungua mkoba, akatoa bahasha ya rangi ya maziwa yenye utepe wa dhahabu. Aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili, uso umemng'aa. "Ya kwako nimeiandika mwenyewe, Mamkubwa, kwa mkono."

Ndani mlikuwa na kadi ya harusi. Bi Fatimah na familia, mnakaribishwa kwa heshima. Chini, kwa mwandiko mzuri, ameandika na meza nitakayokaa.

Nani asiyejua kadi hupewa nani? Kadi hupewa majirani, watu wa ofisini, rafiki za bwana harusi. Wenye shughuli hawapewi kadi, wanapewa kazi. Wanaitwa wiki kabla wakae chini wachague mchele, na mchele wa Marekani hauna hata jiwe, lakini ni nani aliyewahi kukusanya wanawake kwa ajili ya mawe? Mimi niliyemfunga Faiza kibwebwe cha kwanza, leo nina meza, nitakaa nimekunja mikono, niletewe soda na watoto wa watu. Iliniuma. Iliniuma mpaka nikaisukuma bakuli mbali.

Nikamuuliza kama ni mamake aliyemtuma aniletee.

"No," akasema. "Mama hata hajui niko hapa. Yeye alikataa kabisa nikuandikie."

Basi hata ile kadi ya majirani sistahili. Nilisimama. Nilivuta koti langu kwenye kiti, likanasa, nikalivuta kwa nguvu mpaka yule dada mkunja dampling akainua macho. Nikamwambia Faiza nampenda, Mungu ampe mume mwema, na salamu zangu azifikishe kwa anayezitaka.

Akanishika mkono wa buibui. "Subiri, Mamkubwa, please, sijamaliza. Nilimuuliza why. Akasema wewe huwezi kupewa kadi, wewe si mgeni. Akasema, ‘Harusi ni yake kama yangu, anangoja aambiwe na nani? Si aje tu.’"

Nilibaki na koti nimelivaa nusu, mkono mmoja ndani na mmoja nje.

Yaliyobaki aliyasema huku analia, Kiswahili na Kiingereza vikipigana kikumbo. Kwamba mchele uko kwenye sinia sebuleni, Khadijah hamruhusu mtu kuugusa, anasema una mwenyewe. Kwamba wanawake watatu wamejitolea kuwa somo wake na wote wamerudishwa kwa adabu. Kwamba gari likisimama nje Khadijah anachungulia dirishani, kisha anawageukia watoto na kuwafokea kwa makosa ya wiki iliyopita.

"Sasa nikaona huji, na yeye hakuiti," Faiza akasema. "I thought labda mtu akikualika properly, utakuja."

Nilikaa tena. Hasira nilikuwa nayo bado, lakini haikujua iende wapi. Mila ni ile ile, tumeinyonya kwa mama mmoja, na kila mmoja wetu ameshika ncha yake anavuta. Mimi nangoja kuitwa kwa sababu ni mkubwa na nimetukanwa. Yeye haniiti kwa sababu kuniita ni kunifanya mgeni, na pia kwa sababu ana kiburi, tuseme kweli, nacho hakukiokota njiani. Na katikati mtoto ametumia utepe wa dhahabu.

Na kiapo changu je? Niliapa kwa jina la Mungu, si mchezo. Lakini dini imetuachia mlango: nitalisha maskini kumi, nitakuwa nimekitolea kafara. Chakula sijawahi kushindwa kupika.

Nikamwambia Faiza afute uso, alipe, twende.

Aliendesha yeye. Njia nzima nilijiuliza je, kama mtoto ameelewa vibaya? Kama Khadijah atafungua mlango aniulize nimefuata nini? Nilitaka nimwambie Faiza ageuze gari, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikafungua tena nikasema apunguze mwendo.

Nyumba ilikuwa na taa sebuleni. Pazia lilitikisika kabla hatujazima gari. Tulipofika mlangoni ulikuwa umeshafunguliwa, na Khadijah amesimama, amejifunga leso kiunoni, amekonda. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Vua viatu," akasema, "nimepiga deki."

Akanipa mgongo, akarudi jikoni. Nikainama kuvua viatu, nikashindwa kuona kamba kwa machozi.

Faiza alikuja karibu na sikio langu, sauti yake ya chini imejaa hofu, akaniomba radhi. Akasema kumbe Mama bado amekasirika.

"Angekuwa amekasirika, mwanangu," nikamwambia, "angenikaribisha."