Chini ya Wodi ya Mama

Mama yake injinia alikuwa amelazwa ghorofa ya tano ya hospitali ambayo binti yake mwenyewe ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Tangu ardhi ianze kutikisika kidogokidogo wiki ile, bibi huyo hakupata usingizi.

"Jengo gani hili lisiloshikana na ardhi, mwanangu? Likiteleza tutaishia wapi?"

"Linateleza ili lisivunjike, mama. Ardhi ikienda mbio, lenyewe linayumba polepole."

Mama alimtazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ili kumtuliza, injinia akasema atashuka kukagua mwenyewe. Akamchukua shemeji yake, mume wa dada yake, fundi bomba wa hospitali hiyo. Wakateremka kwa ngazi ya chuma ndani ya mwanya uliolizunguka jengo lote, mwembamba, wa kumpitisha mtu mmoja. Huko chini hospitali nzima ilikuwa imekalia mipira minene ya mviringo, kama nguzo fupi zinazonepa, kila mmoja mpana kama meza ya kulia chakula. Walitembea wameinama, tochi mkononi, dari ikiwakwaruza kofia.

"Shem, ukifia humu hawahangaiki kuchimba kaburi," shemeji akatania.

Kabla injinia hajamjibu, mngurumo ukaja kutoka ardhini, na sakafu ikawapokonya miguu.

Injinia alianguka kifudifudi. Alishaliona jambo hili mara nyingi kwenye kompyuta, lakini kompyuta haina vumbi wala kelele. Mipira ililala upande, ikanyooka, ikalala upande wa pili, huku ikikoroma. Dari ilikwenda na kurudi juu ya kisogo chake, na juu ya dari hiyo vitanda, wagonjwa, mama.

"Tutoke!" Shemeji alikuwa anatambaa kuelekea ngazini.

"Usiende! Mwanya unajifunga!"

Hofu ilikuwa imemziba shemeji masikio. Injinia akamdaka kifundo cha mguu, akapigwa teke la bega, asiachie. Mbele yao jengo likausogelea ukuta, ngazi ikajikunja kama waya, na mwanga wa mchana ukabaki uzi tu. Kisha mwanya ukapanuka tena. Shemeji akaacha kurusha mateke.

Kulipotulia, mipira ilikuwa imesimama wima, mizima. Lakini njia ya kutokea ilikuwa ileile.

"Tetemeko likirudi tukiwa katikati ya mwanya je?" Shemeji aliuliza.

Injinia alitamani kumdanganya. "Jengo litatusaga. Twende sasa hivi, kabla tetemeko halijarudi."

Alimtanguliza. Akapanda nyuma yake kwenye vyuma vilivyopinda, mgongo ukisugua zege, kifua kikigusa jengo, akihisi kila mpapatiko wa moyo wake kama ndio tetemeko linaanza upya. Walipofika juu, shemeji alikaa chini akampigia mkewe simu.

Wodini mama alikuwa ameketi kitandani, mkono umeshika godoro. Ng'ambo ya dirisha, nyumba za jirani zilikuwa zimelala chini na watu walikuwa wanapiga mayowe.

"Jengo lilinibembeza tu," mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Wenzetu wale je? Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa karibu, mama."

Kitanda kikaanza kuyumba tena, taratibu, na mama na binti wakakumbatiana bila kupumua.